Kibao cha Mlango wa Lokapu

Jumatano, tarehe 22 Aprili 1981. Mvua imeanza kabla kuku hawajashuka, si kubwa, ila haina nia ya kuondoka. Ukungu umefunika msitu wa juu wote mpaka chini kwenye mbaazi zetu. Wifi ameanza uchungu. Tunakwenda.

Hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu siku ile. Wino umesambaa pale penye "tunakwenda", kwa sababu niliandika nikiwa nimesimama mlangoni na bati letu lilikuwa linavuja hapo hapo. Madaftari haya ninayo bado. Sijui kama yana faida kwa mtu mwingine. Shule niliishia darasa la saba, tena kwa kusuasua, na Kiswahili nilikikuta shuleni, nyumbani tulikuwa tunaongea Kiiraqw. Kwa hiyo anayeijua lugha vizuri anisamehe mapema. Ninachojitahidi ni kutomsingizia mtu, na pale ambapo sikumbuki nitasema sikumbuki.

Siku hiyo tulikuwa tunakwenda lokapu. Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa anakwenda kuzaa lokapu. Nikiandika hivi bila maelezo mtu atafikiri tulikuwa na wazimu, kwa hiyo inabidi nirudi nyuma kidogo.

Jengo lenyewe lipo mpaka leo, kando ya barabara ya kupanda Ngorongoro, baada ya kuipita Rhotia. Lilijengwa wakati wa Mwingereza liwe baraza la kusikilizia mashauri. Kuta ni za mawe, bati ni jekundu, na mbele kuna veranda ndefu ambako mashahidi walisimama na washtakiwa wakakaa chini. Ndani kulikuwa na ukumbi mmoja na ofisi ya karani. Kwa nyuma kulikuwa na chumba kimoja kidogo, dirisha lake liko juu karibu na dari, lina nondo tatu, na mlango wake ni wa mbao nzito wenye komeo la chuma upande wa nje. Hicho ndicho watu walikiita lokapu. Baada ya Uhuru mashauri yaliendelea kusikilizwa hapo miaka kadhaa, kisha yakahamishiwa Karatu mjini, na jengo likabaki la popo na la mifuko ya mbolea ya kijiji.

Baba yangu alilala humo siku tatu. Mama alikuwa akisema nne, shangazi akisema mbili, mimi nimeandika tatu. Kosa lake lilikuwa ng'ombe. Mwaka aliofungwa ng'ombe walikuwa wanahesabiwa ili wapunguzwe, na baba akawapeleka wake kwa rafiki yake Mmasai upande wa Endulen, kisha akaja barazani akasema hana kitu. Kwa haki lazima niseme alikuwa nao. Alidanganya na alijua anadanganya. Mama alikuwa akienda kusimama chini ya lile dirisha na kibuyu cha maziwa alichokifunga kwenye fimbo ndefu ili kifike kwenye nondo, na askari, ambaye alikuwa mtu wa huku huku kwetu, alikuwa akitazama barabara mpaka kibuyu kishuke. Kwa hiyo hata askari sina neno naye. Baba alitoka, akaishi, akafa miaka mingi baadaye nyumbani kwake kwa homa. Lakini mama alitoka pale na kitu kimoja ambacho hakikumwacha: sauti ya lile komeo. Alikuwa akiitoa kwa koo, "krrra", halafu ananyamaza.

Mwaka 1980 mkutano wa kijiji ukaamua jengo liwe zahanati. Tuliambiwa tukitoa nyumba, tutaletewa mganga na nesi mkunga. Nyumba tulikuwa nayo. Tukafanya msaragambo, kijiji kizima kwa kujitolea, wanaume wakikwangua kuta na kufukuza popo, sisi wanawake tukibeba maji na mchanga. Ukumbi ukawa mahali pa mganga, ofisi ya karani ikawa ya dawa. Bwana mganga alipofika akazunguka jengo lote, akasimama lokapu muda mrefu, akasema hiki ndicho kitakuwa chumba cha wazazi. Wapo waliomlaumu kwa hilo. Mimi nadhani alikuwa sahihi. Kilikuwa chumba pekee chenye mlango wa maana, kiko mbali na masikio ya watu, na kuta zake nene zilikuwa zinatunza joto, na huku kwetu Juni na Julai baridi si ya mchezo. Fundi akapanua dirisha, akang'oa nondo. Moja akaikunja ikawa ndoano ya kutundikia mizani ya watoto.

Komeo la nje hakuna aliyelikumbuka. Nami nilikuwepo, nami sikulikumbuka.

Sasa wifi. Alikuwa ametoka kwao upande wa Mbulu kuolewa na kaka yangu, na alikuwa amezaa kwetu mara mbili, na mara zote mbili tulizika. Mara ya pili aliyemzalisha alikuwa mama yangu. Sitaki mtu amwone mama kama mjinga au katili. Amepokea watoto wa majirani wengi wanaotembea mpaka leo, na yule wa pili wa wifi alimlilia kwa namna ambayo sijamwona akimlilia mtu mwingine. Alipopata mimba ya tatu tulimpeleka hospitali ya misheni, na daktari akasema huyu asizalie nyumbani tena. Lakini misheni ni mbali, na wakati wa masika gari hakuna, na mwaka ule dizeli ilikuwa inasikika kwa jina tu.

Siku moja tulikuwa mtoni tunafua, wifi akaniambia bila kuinua uso, "Wifi, hii nikiipoteza, hapa sitabaki."

Sikumwuliza ana maana gani. Niliogopa jibu. Nikamwambia, "Utazalia zahanati. Ikifunguliwa, wewe ndiye wa kwanza." Nilisema kama vile jengo ni langu.

Mimi nilikuwa mwalimu wa kisomo. Jina kubwa, kazi yenyewe ilikuwa kukaa kwenye ile veranda mchana mara tatu kwa wiki na kuwafundisha watu wazima kusoma, kwa kujitolea, kwa kuwa nilikuwa na mwandiko unaosomeka. Mama alikuwa mwanafunzi wangu. Alianza akiwa anashika chaki kama anayeshika mdudu, na kufikia mwaka ule alikuwa hapitwi na kitu. Alisoma mfuko wa mbolea, alisoma kopo la maziwa ya unga, alisoma karatasi iliyofungiwa chumvi kabla hajaitupa. Na kila alichokisoma alikiamini. Nilipomwambia kuwa hata karatasi inaweza kukosea, alinitazama kwa huruma. "Mtu ahangaike kutafuta wino," akasema, "kisha akae aandike uongo?"

Basi zahanati ilipokaribia kufunguliwa mwenyekiti wa kijiji akaniita. Ilikuwa katikati ya Machi. Rangi ilikuwa nusu kopo, nyekundu, iliyobaki baada ya kupaka madirisha ya kanisa. Mbao zilikuwa nne.

"Mwalimu, tuandikie vibao," akasema. "Herufi kubwa. Na usimwage, hakuna nyingine."

Bwana mganga alikuwa amekwenda Mbulu kuchukua dawa, nesi alikuwa hajafika. Nikaandika peke yangu pale verandani. Cha kwanza: MGANGA. Cha pili: DAWA. Cha tatu: SUBIRI HAPA. Cha nne kilikuwa cha lokapu. Neno la adabu la kuzaa nilikuwa nimelisikia redioni mara nyingi, ila sikuwahi kuliona limeandikwa. Nikalifikiria. Kwa Kiiraqw kuzaa ni kuzaa tu, hakuna mlango ndani yake. Lakini kwa desturi yetu mwanamke akishazaa anakaa ndani, mlango unarudishwa, watu wa nje hawaingii mpaka siku zake zipite. Kwa hiyo kichwani mwangu neno la Kiswahili lilikuwa na maana nzuri kabisa. Mama mzazi anajifungia. Nikachovya brashi nikaandika, nikibana herufi mwishoni maana ubao ulikuwa unaniishia: CHUMBA CHA KUJIFUNGIA.

Anayekijua Kiswahili ameshacheka. Kujifungua ndiyo kuzaa. Kujifungia ni kuingia ndani na kujifungia mlango. Ni herufi moja tu, na mimi niliiweka ile mbaya, nikaipigilia misumari kwenye mlango uleule.

Siku ya kufungua zahanati watu walikuja wengi, na mimi kwa majivuno nikawaambia wanafunzi wangu waje na madaftari. Nilitaka mwenyekiti awasikie wakisoma vibao. Wakaanza vizuri. "Da-wa." Watu wakapiga makofi. "Su-bi-ri ha-pa." Mzee mmoja wa darasani, mwenye maneno, akasema, "Hiki ni cha kweli, nimeanza kusubiri tangu asubuhi." Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Mama hakuwa kwenye kundi. Alikuwa amezunguka nyuma.

Nilimkuta amesimama mbele ya ule mlango, khanga ameikunja begani, kidole kinapita hewani chini ya herufi kama nilivyomfundisha. "Chu-mba. Cha. Ku-ji-fu-ngi-a." Akarudi mwanzo. Akasoma tena, polepole zaidi. Kisha akaligusa komeo, akalisukuma, na likalia vilevile.

"Mama, njoo huku mbele," nikasema. "Mwenyekiti anataka kukusikia."

"Nimeshasoma," akasema. Akanipita, akashika njia ya nyumbani.

Watu wengine walikuwa wamemsikia, na waliojua kusoma walikuja kusoma wenyewe, na waliobaki wakasimuliwa. Nikaona wanawake wawili waliokuwa na mimba wakiaga taratibu kama watu waliokumbuka kuwa wameacha chungu motoni. Aliyeingia zahanati siku ile bila kusita alikuwa mama mmoja wa Kimasai, ameshuka kutoka juu na mtoto anayekohoa. Hakujua kusoma. Akapita chini ya vibao vyangu vyote, mtoto akachomwa sindano, akaondoka. Nililifikiria jambo hilo kwa siku nyingi na sikulipenda.

Nyumbani nikamkuta mama anapepeta maharage.

"Mama, kulikuwa na nini?"

"Baba yako walimfungia kwa nje," akasema. "Ninyi mmeendelea. Mnataka mke wa mwanangu aingie ajifungie mwenyewe."

"Lakini ndilo neno la Kiswahili, mama. Ndivyo wanavyosema."

"Sijabisha. Nimesoma. Wewe ndiye uliyenifundisha." Akapepeta. "Atazalia hapa."

Wifi alikuwa jikoni, anasikia kila kitu. Sikusikia hata kijiko. Kaka alikuwa nje anachonga mpini wa jembe ambao ulikuwa umeshachongwa. Nisiwe mkali kwake. Alikuwa amewazika wawili wa kwake mwenyewe, na mama ni mama.

Jioni ile niliandika kwenye daftari: Mama hataki. Neno ni sahihi ila limemtisha. Sijui nifanye nini. Naona aibu sasa nikisoma pale nilipoandika "neno ni sahihi".

Nesi alifika wiki iliyofuata. Alikuwa mtu wa Handeni, mwanamke mnene mwenye kucheka kwa pua. Kesho yake nilimpelekea maji, na nilipotua ndoo akaniuliza, "Mwalimu, kile kibao cha nyuma kaandika nani?"

"Mimi, nesi."

"Kumbe." Akaifunika ndoo. "Sasa hao wanawake wakishajifungia humo, mimi nitaingilia wapi?"

Sikuelewa. Akachukua kijiti, akaandika kwenye udongo wa uani kwake, moja chini ya jingine, maneno yote mawili. Hakucheka alipoona uso wangu. Akasema, "Usijali, hata kwetu watoto wanakosea," nami najua alisema ili kunifariji, lakini nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilikuwa mwalimu.

Nikarudi kwa mwenyekiti kuomba rangi. Ilikuwa imebaki ya kukwangua kwa kidole. Bahati yangu, kuigeuza I iwe U kunahitaji mstari mmoja na mkunjo wa chini. Nafasi haikuwepo, kwa hiyo ile U ikawa nyembamba kama mtu aliyebanwa kwenye lori. Lakini ilikuwa U.

Kaka akanisikiliza nilipomweleza. Akasema, "Basi imekwisha. Umeshairekebisha. Mwambie mama alisoma vibaya, ni mzee, atakubali, na mambo yaende. Siku ziko karibu."

Lazima niandike ukweli hapa. Nililifikiria. Nililifikiria muda wa kutosha kuivisha maharage. Mama angekwenda kuangalia, angekuta U, angeamini macho yake ya leo na kuyashuku ya jana, na wifi angezalia zahanati. Nani angeumia? Lakini nilijua ni nini kingefuata. Angefunga daftari lake na kuliweka juu ya dari pamoja na mbegu, na asingesoma tena hata karatasi ya chumvi. Tena sikuwa na hakika kama nilikuwa nakataa uongo ule kwa ajili yake au kwa ajili ya kujiona mwema. Mpaka leo sina hakika. Upande mmoja kulikuwa na mtoto wa wifi, na upande mwingine daftari la mama, na mtu mwenye akili angejua kipi ni kizito zaidi. Nikajiambia nitasema ukweli kwanza, na mama akikataa bado, nitasema uongo wa kaka. Hivyo ndivyo nilivyoamua. Sijivunii.

Darasa lililofuata mama alikuja. Alikuwa hakosi, hata akiwa na hasira. Nikaandika ubaoni yale maneno mawili, moja chini ya jingine, kama nesi alivyoandika kwenye udongo. Nikawaomba wasome. Wakasoma. Nikawaeleza kila moja maana yake. Kisha nikasema, "Kibao cha nyuma kiliandikwa la kwanza. Kilitakiwa kiandikwe la pili. Aliyekosea ni mimi. Nimekirekebisha juzi."

Yule mzee mwenye maneno akasema, "Mwalimu anyooshe mkono achapwe fimbo mbili."

"Moja," akasema mwingine. "Herufi ni moja."

Walicheka sana, na nilistahili. Mama hakucheka. Alikuwa anatazama ubao.

"Kwa hiyo siku ile," akasema, "mimi nilisoma sawa."

"Ulisoma sawa, mama. Kila silabi. Mimi ndiye nilikosea kuandika."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Nikaona mabega yake yanashuka, kama mtu aliyetua mzigo ambao hakutaka tujue ameubeba. Nadhani, ingawa hakuwahi kusema, alikuwa ameanza kuogopa kwamba macho yake yamemdanganya, maana wengine walishakwenda kuangalia na kumwambia kumeandikwa vingine. Akachukua chaki mkononi mwangu bila kuomba, akaizungushia duara ile U ya ubaoni.

"Basi na kibao sina ugomvi," akasema. "Nina ugomvi na komeo."

Tukaenda kwa mwenyekiti siku hiyo hiyo, darasa zima, na madaftari yetu kwapani. Mwenyekiti alikuwa mtu mwema ila mwoga wa makaratasi.

"Ndugu zangu," akasema, "komeo lile ni mali ya serikali. Jengo tulikabidhiwa na vitu vyake."

"Shikamoo zangu zipeleke kwa serikali," mama akasema. "Waambie waje walichukue komeo lao. Sisi tunabaki na mlango."

"Mama yangu, si rahisi hivyo."

"Ni misumari minne. Nimeihesabu tangu wakati ule."

Mwenyekiti akanitazama mimi, kana kwamba nilikuwa na madaraka. Nikasema sijui, lakini nadhani mzazi akihitaji kutoka usiku hatakiwi kutegemea mtu wa nje. Nesi, ambaye alikuwa amekuja nyuma yetu, akasema ni kweli, na yeye angependa kitasa kidogo kwa ndani. Mwenyekiti akafikiri. Akasema komeo litang'olewa na kuhifadhiwa ofisini kwake, likiwa na karatasi ya maelezo. Hilo likatuliza roho yake, na kwa kweli karatasi hiyo aliiandika, niliiona.

Fundi aling'oa kesho yake. Msumari wa mwisho ulikataa, ukatoka na kipande cha mbao. Mama alisimama pale tangu mwanzo. Fundi alipomaliza kuweka kitasa cha ndani, mama akaingia peke yake akafunga mlango. Tukasikia kitasa, kidogo tu, tik. Tukangoja. Nesi akanitazama, nami nikamtazama. Nilianza kufikiri pengine analia, au anazungumza na baba, au amekaa tu. Hakuniambia kamwe na sikuuliza. Kisha tik, akafungua, akatoka, akiwa anajipangusa chokaa kwenye kiwiko.

"Mna joto humu kuliko kwangu," akamwambia nesi. "Ila kitanda kiko juu mno."

Nesi akasema atatafuta kigoda.

Ndipo ile Jumatano, siku tatu baada ya Pasaka. Tuliondoka nyumbani asubuhi kwenye mvua, wifi katikati amejifunika blanketi la mama, mama kulia, mimi kushoto, kaka mbele na mwavuli uliovunjika ambao haukumfunika mtu yeyote. Njia ilikuwa tope jekundu. Wifi alikuwa anasimama, anashika magoti, tunasimama wote, kisha tunaendelea. Kwenye kijito kabla ya barabara akaniambia tu, "Wifi, usiniache," nikasema sikuachi, na nikajua kuwa nikifika nitamwacha mlangoni.

Nesi akamchukua. Kaka akaambiwa aende, akaenda mpaka chini ya mti wa barabarani akasimama hapo kwenye mvua, ingawa veranda ilikuwepo. Mimi na mama tukakaa kwenye benchi. Asubuhi ikapita. Mama akaanza kusoma vibao. "Su-bi-ri ha-pa." Akakaa. "Su-bi-ri ha-pa." Alikisoma mara ngapi sijui. Mwishowe nikamwomba asome kingine, akasema hiki ndicho kinachomhusu.

Mchana nesi akatoa kichwa. Uso wake haukuwa na kicheko chochote. "Mama," akasema, si kwangu, "njoo unishikie. Nasikia una mikono."

Mama akainuka, akanawa mikono kwenye beseni mpaka viwiko kama alivyoonyeshwa, akaingia. Mlango ukafungwa. Tik.

Mimi nikabaki nje nikitazama ule mlango. Palipokuwa na komeo palikuwa na mashimo manne na ule mpasuko mweupe wa mbao. Juu yake kibao changu. Nilikuwa nimebaki na kazi moja tu, kuitazama ile U iliyobanwa, na nikaitazama. Nilifikiri mambo mabaya. Nilifikiri kama nisingeng'ang'ania, pengine mama angempokea nyumbani vizuri safari hii, na kama hapa patatokea jambo, litakuwa langu, si la mwingine. Nilijaribu kuomba, nikajikuta nahesabu matone yanayodondoka kwenye mfereji wa bati.

Kisha mtoto akalia. Si kwa nguvu. Alilia kama anayeuliza kitu, akanyamaza, halafu akalia kwa nguvu kweli, na hakunyamaza tena.

Wale wawili wa kwanza hawakulia. Nilikaa chini pale pale sakafuni.

Mlango ulifunguliwa kwa ndani. Mama akasimama kizingitini, khanga imelowa, mikono mbele yake kama mtu anayesubiri kukabidhiwa kitu. Nyumbani tuliongea Kiiraqw siku zote, lakini saa hiyo aliniambia kwa Kiswahili, silabi moja moja, na ile ya nne akaisukuma kwa mdomo kama anavyosukuma ng'ombe mlangoni.

"Ka-ji-fu-ngu-a."

"Na wifi?"

"Anataka chai. Mwambie huyo mume wake atoke kwenye mvua."

Alikuwa wa kike. Nilimwona baada ya kuoshwa, akiwa ananing'inia kwenye mizani kutoka kwenye ile ndoano, amekunja uso kama mtu aliyeletewa shauri lisilo lake. Wifi alikuwa amelala upande, macho yako wazi, ananitazama. Akasema, "Uliniacha mlangoni." Nikasema ndiyo. Akacheka kidogo, kisha akafumba macho, nami nikaona kifua chake kinapanda na kushuka, nikakitazama mpaka nesi akanifukuza.

Nesi alitaka abaki pale siku mbili, na mama akasema abaki hata siku nne, yeye atalala naye. Akaomba nimletee blanketi jingine na daftari lake.

Jioni tukala mimi na kaka peke yetu. Makande yalikuwa motoni tangu asubuhi na hapakuwa na mtu wa kuyaangalia, kwa hiyo chini yalikuwa yameungua. Nilichota ya juu nikampelekea mama zahanati kwenye bakuli lenye mfuniko, na uji wa wifi wenye samli. Niliporudi kaka alikuwa bado anakwangua sufuria. Tukala ukoko na maziwa ya mgando, na tukaumaliza wote.